Ritifaa ya Mang'onyi

Mang'onyi ni kata ya Wilaya ya Ikungi, mkoani Singida. Wengi wanaijua kwa dhahabu. Mwandishi wa makala haya aliijua kwanza kwa ritifaa yake, ile alama ndogo inayokaa kati ya g na o, ambayo ilikuwa ikivuruga kurasa za wavuti alizoletewa kuzikagua. Ukurasa mmoja uliandika Mangâ€™onyi. Wa pili, wenye fomu, ulilikata jina katikati likabaki Mang. Wa tatu uliliandika vizuri kabisa, ila ukilitafuta kwenye kisanduku cha kutafutia unajibiwa kwamba hakuna kitu cha namna hiyo.

Makosa matatu, alama moja. Na kila mara jibu la kwanza la mwenye tovuti lilikuwa lilelile: mbona kwangu inafunguka?

Inafunguka, kweli. Ndiyo maana kosa linaweza kukaa miaka bila mtu kuliona.

Tuanze na ule uchafu wa herufi. Fundi wa tovuti za Kiswahili hukutana na ritifaa za aina zaidi ya moja. Ipo iliyonyooka, itokayo kwenye kibodi. Ipo iliyopinda, ambayo Word huiweka yenyewe bila kuulizwa karani anapochapa barua. Kwa macho ya msomaji zote ni kitu kimoja. Kwa kompyuta ni alama mbili zisizojuana. Iliyopinda, katika mfumo wa UTF-8 unaotumika leo karibu kila mahali, huhifadhiwa kwa baiti tatu. Ukurasa usipotamka kwamba unatumia UTF-8, kivinjari hubahatisha, na kikibahatisha mfumo wa zamani wa Windows, baiti hizo tatu hugeuka herufi tatu: â, € na ™. Dawa ni mstari mmoja wa msimbo, unaotakiwa kuwa ndani ya baiti 1,024 za mwanzo za ukurasa, kabla kivinjari hakijaanza kukisia. Mstari mmoja! Mwandishi aliwahi kukuta mahali ambapo karani alikuwa akifuta vidudu hivyo kwa mkono, habari moja baada ya nyingine, na kila barua mpya iliyobandikwa kutoka Word ilikuja na vyake.

Jina lililokatwa lilikuwa na sababu nyingine. Katika HTML, thamani ya kisanduku hufungiwa ndani ya alama za kunukuu. Fundi wa awali alitumia ritifaa mojamoja kufungia, jambo ambalo si kosa. Lakini kivinjari kikianza kusoma kwenye ritifaa ya kwanza, huenda hadi kikutane na nyingine, nacho kikaikuta katikati ya Mang'onyi, kikafunga hapohapo, na "onyi" ikabaki ikielea bila kazi. Kikaguzi cha msimbo hulalamika papo hapo. Kivinjari hakisemi neno.

Kosa la ukoo huohuo likihamia kwenye hifadhidata si la kuchekea tena. Fomu inayovunjika kwa sababu ya ritifaa iliyomo katika jina la kata inaweza kuvunjwa kwa makusudi na mtu anayejua cha kuandika baada ya ritifaa hiyo, na wadukuzi wamekuwa wakipita mlango huo tangu miaka ya 1990. Kuufunga ni kutenganisha data na maagizo yanayopelekwa kwenye hifadhidata. Mafundi wengine huchagua njia ya mkato: wanaikataza ritifaa yenyewe. Matokeo yake mtu mwenye ng' katika jina la ukoo anaambiwa kwa maandishi mekundu kwamba jina lake si sahihi. Jina alilopewa na babu yake!

La tatu, la kutafuta, ni la unyamavu zaidi. Orodha ilihifadhiwa kwa ritifaa iliyopinda, mtafutaji akachapa iliyonyooka. Hakuna kikaguzi cha HTML kitakacholiona, kwa sababu msimbo hauna kosa lolote. Inabidi fundi azigeuze ritifaa zote ziwe za aina moja, wakati wa kuhifadhi na wakati wa kutafuta. Na hapo hatujagusa Kinyaturu, lugha yenye irabu saba, ambazo herufi tano za kibodi hazitoshi kuziandika.

Kwa nini kivinjari kinanyamaza? Kimelelewa hivyo. Tim Berners-Lee alipobuni wavuti akiwa CERN, HTML iliandikwa kwa mkono na watu wasio mafundi, na vivinjari vilivyogombania wateja miaka ya 1990 vilijua kwamba kinachoonyesha ukurasa mbovu kitapendwa kuliko kinachoukataa. Kila kimoja kikaziba makosa kwa namna yake. W3C, chombo cha viwango alichokianzisha Berners-Lee mwaka 1994, kilijaribu kurudisha nidhamu: chini ya XHTML ya mwaka 2000, ikifuatwa kikamilifu, tegi moja isiyofungwa ilitosha kuuzuia ukurasa mzima. Firefox ilitii kwa kuonyesha ujumbe wa kosa juu ya rangi ya njano. Ni mwenye duka gani atakayekubali wateja wake wakute hivyo? HTML5, iliyopitishwa Oktoba 2014, ilichukua njia nyingine, na kwa maoni ya mwandishi ndiyo iliyokuwa na busara: ilieleza kinagaubaga jinsi kila kosa linavyotakiwa kuzibwa, ili angalau vivinjari vyote viliangukie shimo lilelile.

Mtu wa Singida haoni ugumu kuielewa hali hii, maana amekua akiona lumbesa. Kwenye soko la vitunguu la Misuna, gunia lililoongezewa kichuguu juu na kufumwa kwa kamba ni gunia kwa macho ya kila anayepita. Sheria ya vipimo inataka lisizidi kilo 100. Mnunuzi hulipokea bila kinyongo, kwa kuwa yeye hapungukiwi. Anayepunjwa ni mkulima, na hapati ushahidi mpaka mizani iletwe.

Mizani yenyewe kwa upande wa wavuti ni ya bure. Kikaguzi cha W3C, ambacho mwanzo wake ni kazi ya Gerald Oskoboiny miaka ya 1990 na ambacho injini yake ya sasa iliasisiwa na Mfini Henri Sivonen, unakipa anwani ya ukurasa nacho kinausoma msimbo mstari kwa mstari. Mara ya kwanza majibu yake yanatisha. Mwandishi ameshuhudia mteja akibadilika uso kwa kuona makosa yaliyojaza skrini nne, wakati chanzo kilikuwa tegi moja ya jedwali iliyosahauliwa kufungwa karibu na juu. Kila kilichofuata kilihesabiwa kuwa kimekaa mahali pasipo pake. Ndipo alipojenga desturi ya kurekebisha kosa la kwanza kisha kukagua upya, bila kugusa mengine. Nusu ya orodha huwa inapotea yenyewe.

Tena makosa hayana uzito mmoja. Tegi ya zamani ya kuweka maandishi katikati ni ushamba tu, haimdhuru mtu. Vitambulisho viwili vinavyofanana ndani ya fomu moja vinamdhuru, kwa sababu ukigusa neno "Simu" kishale kinaweza kurukia kisanduku cha jina. Kuna mafundi wanaopigania sifuri ya makosa kama alama za mtihani, na miaka ya 2000 walikuwa wakibandika chini ya kurasa ile nishani ya W3C ya kuthibitisha kwamba msimbo ni halali. Nishani hiyo ilikuwa na kasoro ya wazi: ilibaki palepale hata baada ya karani kubandika barua mpya kutoka Word.

Lakini somo zito zaidi halikutoka kwenye kikaguzi. Lilitoka kwa mwalimu mstaafu asiyeona, aliyeingia ofisini na kompyuta yake mwenyewe begani, akitaka kusaidiwa kujaza fomu ya taasisi moja ambayo haina haja ya kutajwa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Kaa hapa usikilize, usiangalie."

Alikuwa akitumia NVDA, kisoma skrini cha bure ambacho Waaustralia wawili wasioona, Michael Curran na James Teh, walianza kukijenga mwaka 2006. Kinafanya kazi na sauti mbalimbali, ikiwemo ya Kiswahili. Siku ile hakikusema Kiswahili. Kilichukua maandishi ya Kiswahili fasaha na kuyatamka yote kwa matamshi ya Kiingereza: "wake", "wale" na "pale" zilikuwa hazitambuliki, na majina ya vijiji yalitoka kama ya nchi ya mbali.

"Mwanangu," mwalimu akauliza, "huyu Mzungu mmemweka humu wa nini?"

Mzungu alikuwa kwenye mstari wa pili wa msimbo. Kiolezo kilinunuliwa kutoka nje, na kilitangaza kwamba lugha ya ukurasa ni "en". Hakuna aliyebadilisha iwe "sw". Kwa anayeona, tangazo hilo halina athari, ndiyo maana linaachwa. Kwa kisoma skrini ndilo linaloamua ni sauti ipi izungumze. Ukurasa ulihitaji herufi mbili tu ili mwalimu aelewe. Kikaguzi cha W3C hujaribu kuitambua lugha ya ukurasa na kutoa onyo ikipingana na iliyotangazwa, lakini onyo halihesabiwi kuwa kosa, na kilichoandikwa kwa rangi ya onyo ndicho kinachopuuzwa.

Baada ya lugha kurekebishwa ikaja fomu yenyewe. Visanduku vilikuwa na maneno pembeni yake kwa anayeona, ila katika msimbo hakuna neno lililofungwa kwenye kisanduku chake. Kompyuta ikawa inasema kila hatua kwamba hapa ni mahali pa kuandika, hapa ni mahali pa kuandika. "Niandike nini sasa, jina au simu?" Mwalimu hakukasirika. Aliuliza kama mtu aliyekwisha kuuliza mara nyingi kwingine, na mwandishi akamjazia fomu huku akitajiwa majibu yaliyokuwa siri za mtu mzima: tarehe ya kuzaliwa, namba ya akaunti, kiasi cha pensheni. Hayo ndiyo yaliyomkaa moyoni kuliko msimbo mbovu. Lebo iliyokosekana ilimlazimisha mzee kumwambia kijana wa ofisini mambo ambayo asingemwambia.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara yake ya 9 inautaja mtandao wa intaneti waziwazi miongoni mwa mambo yanayotakiwa kufikika na watu wote. Mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Viwango vya kiufundi navyo vipo: mwongozo wa WCAG ulitoka mara ya kwanza mwaka 1999, toleo lake la 2.0 mwaka 2008, na 2.2 Oktoba 2023. Wala tatizo si letu peke yetu. WebAIM, taasisi iliyoko Chuo Kikuu cha Utah State nchini Marekani, hukagua kila mwaka kurasa za mbele za tovuti milioni moja. Mwaka 2024 asilimia 95.9 zilikutwa na angalau kosa moja linaloweza kugunduliwa na mashine. Karibu nusu zilikuwa na visanduku visivyo na lebo. Lililoongoza kwa mbali, asilimia 81, lilikuwa maandishi hafifu yasiyoachana vya kutosha na rangi iliyo nyuma yake.

Hili la rangi lina sura yake ya Kisingida. Mkoa huu unaishi kwa alizeti, na kila mkamuaji mafuta anayetaka tovuti anataka rangi ya ua lake. Njano kila mahali: kichwa cha ukurasa, vitufe, hata bei. Mama mmoja mwenye mashine ya kukamua alisisitiza namba yake ya simu iandikwe kwa njano juu ya nyeupe, "ing'ae".

WCAG inataka maandishi ya kawaida yaachane na rangi ya nyuma kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Njano kamili juu ya nyeupe inapata 1.07 kwa 1; yaani kwa hesabu ya mwanga maandishi hayo karibu hayapo. Ukiigeuza, ukaweka herufi nyeusi juu ya njano ileile, uwiano unapanda hadi 19.56. Rangi haikupotea, alizeti haikupotea.

Ikungi kuna shule ya msingi mchanganyiko inayopokea watoto wenye ulemavu, wakiwemo wasioona na wenye ualbino. Mtu mwenye ualbino mara nyingi ana uoni hafifu, na mwanga mkali humuumiza macho. Mwandishi alipomwambia yule mama kwamba wapo wateja wa namna hiyo, na kwamba hata mwenye macho mazima akisimama stendi ya Misuna saa saba mchana hataiona namba ya njano kwenye simu yake, mama hakuhitaji mahubiri ya haki za binadamu. Alitoka nje na simu, akairudisha mezani. "Weka nyeusi."

Tangu hapo mwandishi aliacha kuwaonyesha wateja ripoti za kikaguzi. Anawatoa nje juani, au anawafumba macho na kuwasha kisoma skrini.

Faida kubwa ya ukaguzi hujitokeza pale msingi mmoja unapobeba kurasa nyingi. Machi 2017 zilizinduliwa mjini Dodoma tovuti za mikoa 26 na halmashauri 185 za Tanzania Bara, kwa ushirikiano wa Ofisi ya Rais, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (OR-TAMISEMI), Wakala ya Serikali Mtandao na mradi wa PS3 uliofadhiliwa na Marekani, zote kwa mfumo wa pamoja. Wakala hiyo ikawa Mamlaka kamili kwa sheria ya mwaka 2019, na kazi zake ni pamoja na kuweka viwango na miongozo ya kielektroniki kwa taasisi za umma. Mpangilio wa aina hiyo una nguvu ambayo fundi anayejenga tovuti mojamoja hana: lebo ikiwekwa sawa kwenye kiolezo, imewekwa sawa Singida, Mtwara na Kagera kwa siku moja. Kinyume chake nacho ni kweli, na ndiyo sababu kiolezo cha pamoja kinastahili kukaguliwa kwa ukali kuliko ukurasa wowote kiliouzaa.

Kuna mambo ambayo mizani haigusi kabisa. Picha inatakiwa iwe na maelezo mafupi katika sifa ya alt. Andika "picha" na kikaguzi kitaridhika, ingawa asiyeona hajaambiwa lolote. Kiungo kilichoandikwa "bofya hapa" hupita salama. Picha ya shamba la alizeti iliyotoka moja kwa moja kwenye simu, yenye upana wa maelfu ya pikseli, ikaonyeshwa ndogo kama stempu, haina kosa la HTML hata moja. Anayeilipia ni mwenye bando la siku.

Na lipo hili tulilolizoea kuliko yote: tangazo la kazi lililochapwa kwenye kompyuta, likachapishwa kwenye karatasi, likagongwa muhuri, likaskaniwa, kisha likapandishwa kwenye tovuti kama PDF. Maandishi yaliyokuwa maandishi yamegeuka picha. Hayatafutiki, hayapanuki vizuri kwenye simu, na kisoma skrini hakina cha kusoma. Msimbo unaoibeba PDF hiyo ni kijani tupu. Mwandishi alipouliza mahali fulani kwa nini wasibandike maandishi yenyewe, aliambiwa bila muhuri watu hawataamini, na jibu hilo si la kipuuzi hata kidogo. Matapeli wa ajira wapo. Maafikiano yalikuwa kuweka vyote viwili, maandishi kwenye ukurasa na nakala yenye muhuri chini yake kwa anayetaka kuthibitisha. Ilimgharimu karani dakika chache zaidi kwa kila tangazo. Baada ya muda karani mwenyewe ndiye aliyekuwa akidai maandishi kutoka idara nyingine, kwa kuwa simu za watu kuuliza tangazo linasemaje zilipungua.

Kwa upande wa malipo, mambo hayajanyooka. Mwandishi alianza kwa kuweka ukaguzi kama mstari wake kwenye makadirio ya bei, chini ya usanifu na upangishaji wa tovuti. Ndio uliokuwa ukikatwa wa kwanza kila mteja alipoomba apunguziwe, na hakuna mteja wa Singida asiyeomba. Sasa ameufuta mstari huo. Ukaguzi umo ndani ya bei ya kujenga, pamoja na saa ya kukaa na mtu anayesikiliza ukurasa badala ya kuuangalia, ambaye naye hulipwa.